Lita Moja Imekwenda Wapi

Kila alfajiri, kabla ya kahawa,
Merle hufungua boneti, huchomoa kijiti cha oili,
hukipangusa kwa fulana kuukuu, hukizamisha tena,
kisha hukiinua kwenye taa
kama mama asomaye kipimajoto cha mwana mgonjwa.
Miaka thelathini na minane ya ndoa
sijawahi kutazamwa hivyo.

Gari lina miezi mitano, bado lanukia kiwanda.
Deni lake lina miaka saba.
Kipya kinyemi, walisema waliosema,
na sehemu ya pili ya methali
tuliisikia tulipokwisha kutia saini.

Maili elfu moja na mia nane: lita moja.
Maili elfu moja na mia sita: lita moja tena.
Karani ni mimi. Penseli, kipande cha boksi,
nimekichomeka nyuma ya kikinga-jua.
Tumetandika maboksi chini ya injini usiku kucha,
asubuhi makavu, hata tone.
Moshi hakuna. Maji ya rejeta ni safi.
Basi inakwenda wapi?

Kule Bismarck, kijana wa gereji, Kolby,
kucha zake safi kuliko zangu,
aliitazama kompyuta, injini hakuitazama.
"Kawaida," akasema. "Iko ndani ya kiwango."

Kawaida.
Neno hili nalijua. Daktari alinipa mimi pia
nilipomweleza kuhusu ngazi za ghala,
kwamba siku hizi husimama katikati
nikijifanya nahesabu fremu za nyuki.
Kwa umri wako, Arlys, ni kawaida.
Nikarudi nayo nyumbani, maili sitini,
sikumwambia mtu.

Aliyetuambia ukweli ni Tova Engebretson,
yule afufuaye mashine za kuvuna ngano
kwa nyundo na matusi.
Alisikiliza injini huku amefumba jicho moja.
"Mnaliendesha kama mmebeba mayai.
Ringi za pistoni hazijakaa. Oili inapenya,
inaungua humo humo, kimya kimya.
Lipeni mzigo. Vyuma vipya havizoeani kwa adabu."

Merle aliona haya. Kweli alikuwa akilibembeleza,
mjini na kurudi, trela tupu,
akikwepa hata kivuli cha shimo.

Januari tukafunga mizinga tisini na sita,
tukaifunika wavu, tukashika njia ya lozi za Kalifornia.
Ndani ya mbao nyuki walikuwa wameshikana donge,
wanatetemeka ili wapate joto,
wanakula akiba yao.
Mzinga nao hupungua uzito majira ya baridi,
kila mwaka, bila kuvuja popote,
wala hatujawahi kuupeleka Bismarck.

Mlima wa Homestake, theluji pembeni,
barabara imesimama kama ukuta.
Injini ikaguna, ikanguruma, ikashuka gia,
Merle akaanza kuondoa mguu.
"Kanyaga," nikamwambia.
"Arlys—"
"Kanyaga!"
Tukapanda tukiwa tumeng'ata meno wote watatu,
mimi, yeye, na gari.

Modesto, saa kumi na moja alfajiri.
Ukungu umelala juu ya miti, harufu ya udongo uliolowa.
Boneti. Kijiti. Fulana. Taa.
Maili elfu moja na mia saba, na mzigo mgongoni,
oili imeshuka upana wa ukucha.
"Andika," akasema.
Nikaandika: ukucha.
Nikaongeza alama ya kuuliza,
kwa kuwa safari moja si ushahidi
na benki haipokei matumaini.

Alifunga boneti polepole. Hakuondoka.
Alikuwa amenitazama nikishuka garini,
nimeshika mlango, nasubiri kifua kitulie.
"Na wewe je?" akauliza. "Pumzi?"
"Iko ndani ya kiwango," nikasema.

Hakucheka.
Alininyang'anya penseli,
akakichomoa kile kipande cha boksi,
akakigeuza upande mtupu,
akaandika jina langu na tarehe.